Deni la Usukani



Wasomaji wapenzi, juma hili sitajibu swali la fiqhi wala sitaeleza fadhila za mwezi. Nataka kusimulia kisa cha chombo changu mwenyewe, nami ndiye niliyekosa ndani yake. Mke wangu amenipa idhini ya kukiandika kwa sharti moja, kwamba nisijisafishe. Nitajitahidi kulitimiza sharti hilo.

Nina mashua ndogo ya futi 22, niliyoirithi kwa marehemu baba yangu, Allah amrehemu. Hunipeleka kwenye darsa za vijijini, hubeba magunia ya unga na watoto wa madrasa, na siku za arusi na taazia huwavusha jamaa kutoka Lamu kwenda Manda na kurudi. Si chombo cha fahari. Lakini mwenye chombo, hata kiwe kidogo kiasi gani, hubeba roho za watu, na hili nalijua kwa sababu nimelisomesha kwa miaka mingi.

Usukani wa mashua hii ulikuwa ule ule wa siku za baba. Kwa wasiozoea vyombo nieleze kidogo. Usukani ni ubao mpana unaosimama nyuma ya tezi, ukishikwa na bawaba mbili, moja juu na moja chini. Kila bawaba ina sehemu mbili: pete iliyokazwa kwenye mwili wa chombo, na msumari mnene uliokazwa kwenye ubao, unaoingia ndani ya pete hiyo na kuzunguka. Juu ya kichwa cha usukani hupachikwa kana, yaani ule mti ambao mshika usukani huusukuma huku na huku. Bawaba zetu zilikuwa za chuma cha kawaida. Chumvi ilikuwa imezila mpaka misumari ikawa myembamba katikati na pete zikapanuka, hata usukani ukawa unacheza kama jino la mtoto lililo karibu kung'oka.

Mke wangu ndiye aliyeusikia kwanza. Yeye ni binti wa nahodha, amekulia katika nyumba ambamo habari za matanga na pepo zilizungumzwa kuliko habari za mjini. Siku moja tukirudi kutoka matembezini aliniambia, "Maalim, usukani unagonga." Nikamjibu kwamba chombo kikizeeka hakikosi sauti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sauti hii inatoka chini, kwenye bawaba isiyoonekana. Ile ya juu ukiitazama waiona nzima." Hapo nikatamka neno ambalo leo naona haya kuliandika. Nilimwambia mambo ya vyombo awaachie wanaume.

Tena sikuwa nimekosa fedha. Nilikuwa nimeweka akiba ya kuipandisha mashua pwani na kuitengeneza kabla ya kusi kushika. Lakini msimu ule wa Maulidi nilipata wageni, nami nikapenda karamu yangu itajwe. Palipotosha mbuzi mmoja nikachinja wawili. Kuwakirimu wageni ni jambo jema lenye thawabu, sisemi vingine. Ila mbuzi wa pili, najua nilimchinjia macho ya watu. Usukani nikaufunga kamba, na kamba yenyewe niliikata kwenye kamba ya nanga, kwa kuwa ilikuwa karibu na mkono.

Zikapita wiki sita. Tukapata msiba wa jamaa ng'ambo ya Manda, tukaenda taazia. Wakati wa kurudi tulikuwa watu wanane: mimi, mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akishughulikia tanga, mke wangu, binti yetu wa miaka 16, mkwe wangu ambaye ni mzee wa kushikwa mkono, na majirani watatu, mmoja wao amepakata mtoto mchanga ambaye sikumhesabu. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kuagana. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji yalikuwa yameanza kutoka kwa nguvu.

Wakaazi wa Lamu wanaijua hali hii. Kusi huvuma kutoka baharini na kuingia kwa mlango ulio kati ya Shela na Ras Kitau. Maji ya kupwa hutoka kwa mlango huo huo. Upepo ukija na maji yakienda, hukutana uso kwa uso, na mawimbi huwa mafupi na ya kusimama wima, hata katika siku ambayo bandarini ndani kumetulia.

Tulikuwa katikati ya mkondo, upepo ukitupiga ubavuni, niliposikia mlio mmoja mkavu chini ya miguu yangu. Bawaba ya chini ilikuwa imekatika. Usukani ukabaki umening'inia kwa bawaba ya juu peke yake, ukapigwa na wimbi moja, la pili, kisha ukang'oka na kichwa chake. Nikabaki na kana mkononi, nyepesi kama mpini wa upawa uliochomoka. Mashua ikageuza omo yake ikaukabili upepo, tanga likaanza kupiga makofi, na foromali ikawa inayumba juu ya vichwa vya wanawake.

Mwanafunzi wangu, Allah amhifadhi, alilitua tanga kwa haraka. Mimi nikashika kasia nikalitia nyuma nilitumie mahali pa usukani, lakini chombo bila tanga hakina mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakisikii kasia. Maji yakaanza kutuchukua kuelekea mlangoni. Nikapiga kelele, "Tupa nanga!" Nanga ikatupwa. Haikushika chini. Kamba ilikuwa fupi. Kipande kilichopungua ndicho kile nilichofungia usukani, na kilikuwa kikielea nyuma yetu pamoja na ubao.

Mke wangu alinitazama. Hakusema neno. Alimvua mkwe wangu mtandio uliolowa maji, akamvika jaketi la kuokolea. Jaketi la pili akampa yule mama mwenye mtoto. Hayakuwapo mengine. Nilikuwa na mawili tu kwa watu wanane, nami ndiye niliyeona kuwa mawili yanatosha. Wengine wakawa wanafua maji kwa ndoo na sufuria iliyokuja na chakula cha taazia. Binti yangu akasimama karibu na mlingoti akipunga mtandio wake, hata boti moja ya mashine iliyokuwa ikitoka Shela ikatuona, ikaja, ikatufunga kamba na kutuvuta mpaka ndani. Alhamdulillah, hakuna aliyedhurika. Mtoto mchanga alikuwa amelala muda wote.

Habari zilipoenea watu walikuja kunipa pole. Wengi walinambia, "Ni kadari ya Mola, Sheikh." Mzee mmoja akanikumbusha methali yetu, kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Maneno haya yaliniburudisha moyo kwa siku mbili tatu. Nikaanza hata kuyarudia mwenyewe kwa kila aliyeniuliza. Usiku mmoja mke wangu, akiwa ameinamia kofia anayoishona, akasema bila kuinua macho, "Kadari nimeikubali. Lakini sauti ya bawaba nilikwambia mimi, na kamba ya nanga uliikata wewe."

Sikulala vizuri usiku ule. Nikajikumbusha yale ninayowasomesha wengine. Yule mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Allah, alijibiwa amfunge kisha ategemee. Tena ipo ile hadithi mashuhuri iliyo katika Sahihi ya Bukhari, ya watu waliopiga kura wakagawana juu na chini ya jahazi. Wale wa chini wakataka kutoboa fungu lao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa wote huangamia, na wakizuiliwa wote huokoka. Mara ngapi nimeitoa hadithi hii juu ya mimbari, nikiwanyooshea kidole vijana na wafanyabiashara! Sikupata kufikiri kwamba anayetoboa aweza kuwa ndiye nahodha, na kwamba anayezuia aweza kuwa ni mke aliyeketi karibu na tezi akisikiliza bawaba.

Wako wanaotaja kisa cha mashua ya maskini katika Suratul Kahf, iliyotiwa kasoro ili isinyang'anywe na mfalme dhalimu, wakasema huenda katika kasoro yangu mlikuwa na kheri. Huenda. Tungaliweza kukatikiwa tukiwa njia ya Kiwayu, mbali na kila boti. Kwa hilo namshukuru Allah. Lakini yule aliyeitoboa mashua ile alifanya kwa amri ya Mola wake. Mimi sikuamriwa kuacha bawaba zioze. Rehema ya Allah juu ya kosa langu hailigeuzi kosa likawa jambo jema.

Basi nikaazimia kutengeneza, na hapa nafsi ikanichezea tena. Nilikuwa nimeona Mombasa boti moja iliyokuwa na usukani wa gurudumu, kama wa gari, nikauhusudu. Nikajiona nimesimama nyuma yake na kanzu yangu. Nikaenda Matondoni kwa fundi ambaye jamaa zake wamejenga vyombo vizazi na vizazi, nikamweleza haja yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Maalim, gurudumu hilo litageuza nini?" Nikasema, usukani. Akasema, "Na usukani ule ule, kana haiugeuzi?"

Akanifahamisha. Gurudumu halikamati usukani moja kwa moja. Linavuta waya, waya zinapita katika kapi, kapi zinavuta mkono uliofungwa juu ya usukani. Kila kapi ni mahali pa kutia mafuta, kila waya ni kitu cha kukatika. Katika chombo kikubwa, ambacho nguvu ya maji inashinda mkono wa mtu, taabu hiyo ina faida. Katika mashua ya futi 22 inakula nafasi ya abiria wawili na inamnyima nahodha jambo muhimu kuliko yote, nalo ni kuyasikia maji kwa kiganja. Kana ikitetemeka unajua mkondo umebadilika. Ikiwa nzito unajua tanga limezidi. Nikakumbuka kwamba al-Muqaddasi, mwanajiografia Mwislamu wa karne ya 10, alieleza jinsi katika Bahari ya Shamu mshika usukani alivyokuwa na kamba mbili mkononi, akivuta moja kwa kulia na nyingine kwa kushoto, huku nahodha akitazama miamba kutoka juu. Na katika picha iliyochorwa na al-Wasiti mwaka 1237 kwenye kitabu cha Maqamat usukani unaonekana umesimama nyuma ya jahazi, mahali pale pale palipo wetu leo. Kazi hii ni ya zamani na imekwisha fikiriwa na walio bora kuliko mimi. Gurudumu nikaliacha.

Fundi aliikagua mashua nzima kabla ya kugusa mbao. Aliniuliza kwa nini kana ilikuwa ikinivuta mkono kila upepo ulipozidi. Nikasema, kwa sababu usukani ni mbovu. Akasema hapana, hiyo ni sababu ya usukani kuchakaa, si matokeo yake. Nilikuwa nikiweka farumi na abiria mbele, na tanga nimelikaza kupita kiasi, hata mashua ikawa inataka kuukabili upepo wakati wote, nami nikawa naizuia kwa usukani kutwa nzima. Bawaba zilibeba makosa ya mahali pengine. Maneno haya nimeyatafakari sana nje ya habari za vyombo. Ziko nyumba ambazo mtu mmoja ndiye anayechakaa, akalaumiwa kwa kuchakaa, na hakuna anayeuliza mzigo umepangwa vipi.

Kisha akaunda usukani mpya wa mbambakofi. Ule wa zamani ulikuwa ubao bapa wenye unene mmoja kote. Huu mpya ukingo wake wa mbele umetengenezwa mviringo, na wa nyuma umechongwa mwembamba, ili maji yapite bila kutikisika. Sehemu yake ya chini imeishia inchi 2 juu ya mkuku, ili mashua ikipanda fungu la mchanga uguse mkuku kwanza na si usukani. Bawaba ni za chuma kisichoshika kutu, na komeo zake ni za chuma hicho hicho. Fundi alisisitiza jambo hili. Vyuma viwili vya aina mbalimbali vikigusana ndani ya maji ya chumvi, kimoja humla mwenziwe, na ukiweka bawaba nzuri kwa misumari ya chuma cha kawaida utaikuta bawaba inang'aa na misumari imekwisha. Msumari wa bawaba ya chini aliufanya mrefu kuliko wa juu kwa inchi 1. Nilidhani amekosea kipimo. Kumbe ni hekima: ukipachika usukani majini, wa chini huingia kwanza ukajishika, ndipo unaongoza wa juu. Wote wawili wakiwa sawa, mtu hutafuta matundu mawili kwa wakati mmoja huku wimbi linamrusha. Juu akatia kipini cha kuzuia usukani usinyanyuke, na kamba ya akiba, ili ukichomoka usiende zako. Kana ya zamani ilikuwa futi 3, mpya ni futi 4 na nusu, na mkono uliohitaji nguvu za ratili tatu sasa watosheka na mbili.

Gharama yote ilikuwa shilingi 42,000. Mimi sikuwa nazo, mbuzi wa pili alikuwa amekwisha liwa. Mke wangu alikuwa nazo. Alizipata kwa kushona kofia kwa mkono, na kofia moja nzuri, kama wajuavyo dada zetu wanaofanya kazi hiyo, humchukua mtu wiki nyingi na macho yake mengi. Mali hiyo ni yake. Sheria yetu iko wazi, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Alinambia atanipa kwa mkopo. Nikashukuru, nikasema, "Nitakulipa, inshaallah."

Akasema, "Andika."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Akaleta daftari na kalamu, akaviweka mbele yangu. "Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani," akasema, "wewe ndiye uliyetusomesha kwamba ni ya kuandika deni. Hukutusomesha kwamba mke ametolewa ndani yake."

Wasomaji wangu, nimesomesha aya ile ya Suratul Baqara mara ambazo siwezi kuzihesabu. Nimewaandikia watu hati za mikopo, nimesimama shahidi. Ndani ya nyumba yangu, katika miaka 27 ya ndoa, sikupata kuandika hata shilingi moja niliyoichukua kwa mke wangu. Na nilichukua. Nikisema nitarudisha, kisha nikisahau, naye akinyamaza, nami nikiuhesabu ukimya wake kuwa ni msamaha. Usiku ule niliandika kiasi, tarehe na muda wa kulipa, shilingi 3,000 kila mwezi. Shemeji yangu na jirani mmoja wakawa mashahidi. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Nilipomaliza nikamuuliza kama ayakumbuka yale ya zamani. Akasema ya zamani ameyasamehe kwa moyo wake, ila nisimuulize tena, asije akaanza kuyahesabu.

Tuliishusha mashua majini mwanzoni mwa kaskazi. Kabla ya kutweka tanga nilimwita mke wangu akae tezini nikamwomba asikilize. Akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haugongi." Sikuwa nimepata kutamani ijaza ya shekhe yeyote kama nilivyoitamani kauli ile.

Tukiwa ndani ya mkondo nikampa binti yangu kana. Alisita, kwa sababu alikuwa ameyasikia yale niliyomwambia mama yake siku ile. Nikamwambia ashike. Mama yake akamfundisha, si mimi: usishindane nayo, isukume kidogo na usubiri, chombo kina fahamu yake. Mashua ikajinyoosha ikaenda. Nilikaa kati pamoja na farumi, mahali fundi aliponipangia.

Kamba ya nanga sasa ni mpya na nzima, na hakuna anayeruhusiwa kuikata. Jaketi ni manane, niliyaongeza mawili kila mwezi, na hatung'oi nanga mpaka kila mtu amevaa lake, mzee na kijana. Dada zangu mnaopanda vyombo kwenda arusini na mazikoni, ulizeni kabla hamjaketi: nanga ina kamba ya kutosha? Jaketi yapo kwa idadi yetu? Mtoto amehesabiwa? Mwenye chombo akichukia kuulizwa, basi nanyi mna haki ya kutopanda. Na ndugu zangu wanaume, anayekwambia ndani ya nyumba yako kwamba kitu kinagonga, msikilize kabla ya kumuuliza amejuaje.

Nimelipa miezi kumi. Zimebaki shilingi 12,000. Daftari liko juu ya kabati, mahali nikiinuka kwa ajili ya Alfajiri naliona.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu, kubwa na ndogo, zinazoonekana na zilizo chini ya maji. Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na utulipie madeni yetu kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.